Shule ya Sungura: Kitabu cha Mwaka 1924 na Swali la Mjukuu Wangu



Desemba iliyopita mwanangu anayeishi Hamburg alinitumia kifurushi. Mlikuwamo kahawa, jozi mbili za soksi za sufu ambazo hapa Tanga hazina kazi, na kitabu chembamba cha picha kwa ajili ya mjukuu wangu. Binti huyo ana miaka sita, na wakati ule alikuwa akihesabu siku za kuanza darasa la kwanza. Alikifungua, akawaona sungura waliovaa nguo wameketi kwenye madawati, akanijia mbio: "Babu, nisomee!"

Nami Kijerumani sikijui. Nilimwomba mwanangu aniandikie maana ya kila mstari kwa nathari ya kawaida, kisha mimi, niliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na kutunga mashairi jioni, nikajaribu kuirudisha maana hiyo katika nyimbo ya Kiswahili. Kazi niliyoidhani ya siku mbili ilinichukua mwezi mzima. Makala haya ni habari ya kitabu hicho, na habari ya mahali kiliponikwamisha.

Kitabu kinaitwa *Die Häschenschule*, yaani Shule ya Sungura Wadogo. Kilichapishwa Leipzig mwaka 1924, na wenyewe wakakipa maelezo ya chini kwamba ni kitabu cha picha cha kufurahisha. Mtunzi wa beti zake ni Albert Sixtus, mwalimu wa shule kutoka Saxony, aliyezaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1960. Mchoraji ni Fritz Koch-Gotha, aliyezaliwa mwaka 1877, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Koch tu, akaliongezea jina la mji wa Gotha uliokuwa karibu na kwao. Kabla ya hapo alijulikana kwa michoro yake katika magazeti ya Berlin. Utaliona jicho la mwanagazeti katika kila ukurasa: sungura wake wana mikunjo ya nguo, wana aibu, wana usingizi, kama watoto wa mtaa wowote.

Wakati ule haukuwa wa kufurahisha. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka 1918, na mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilianguka hata bei ya mkate ikahesabiwa kwa mabilioni. Katika mwaka uliofuata, taifa likiwa ndiyo kwanza limepata sarafu mpya, kikatoka kitabu hiki kinachosimulia siku moja, kuanzia asubuhi hadi mlo wa mchana, ambamo kila kitu kipo mahali pake. Mama anawaaga watoto wake wawili, Hasenhans na Hasengretchen. Wanapita msituni kwenda shule. Mwalimu ni mzee mwenye miwani. Wanafundishwa mimea, wanafundishwa habari za mbweha, wanachora rangi kwenye mayai, wanaimba, wanamwagilia bustani. Wakirudi nyumbani mbweha yumo njiani, nao wanatimua mbio hadi kwa mama, na chakula kiko tayari. Karne moja imepita na kitabu hicho bado kinachapwa. Mwaka 2017 kilizaa hata filamu ya katuni.

Kabla ya beti, tutazame neno moja, kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa wapenda maneno. Mjukuu wangu alipoliona jina la kitabu hakusoma chochote, lakini mwanangu alipomtamkia kwa simu alicheka: "Amesema shule!" Naam, alisema *Schule*, na neno letu ni mtoto wa neno hilo. Waswahili walikuwa na chuo kabla Mjerumani hajatia nanga. Chuoni mtoto alisoma Kurani kwa mwalimu wa mtaa, na neno chuo lenyewe lilikuwa pia na maana ya kitabu. Wajerumani walipoanzisha shule za serikali katika miaka ya 1890, ya Tanga ikiwa ndiyo iliyovuma zaidi, kitu kipya kilikuja na jina lake. Unguja na Pemba, waliotawaliwa na Mwingereza, wakachukua neno lake na kusema skuli. Kwa hiyo hadi leo, mtoto wa Tanga na mtoto wa Chake Chake wakiamka alfajiri moja na kufunga viatu vya aina moja, mmoja anakwenda Ujerumani na mwingine anakwenda Uingereza, kwa ulimi tu.

Tulipata na mengine kwa mtawala yule. Hela ni *Heller*, sarafu iliyoanza kutumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Na kuna usemi ambao wazee wetu waliutaja kwa sauti ya chini: hamsa ishirini, hukumu ya viboko ishirini na vitano. Shule na kiboko vilifika katika zama zilezile. Nawaomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa sungura. Mjerumani ana maneno mawili: *Hase* ni yule wa porini mwenye masikio marefu na miguu mirefu, na *Kaninchen* ni yule wa kuchimba mashimo, ambaye ndiye anayefugwa. Sisi wote wawili tunawaita sungura, na tukitaka kutofautisha tunaongeza "wa porini" au "wa kufugwa". Wanafunzi wa kitabu hiki ni *Hase*. Na somo lao la kuchora mayai linatokana na mila ya Kijerumani kwamba sungura ndiye aletaye mayai ya Pasaka. Mila hiyo ni ya kale. Daktari mmoja, Georg Franck von Franckenau, aliiandika tangu mwaka 1682. Kumbe shuleni sungura wale wanajifunza kazi yao ya maisha, kama mtoto wa seremala anavyojifunza kushika randa.

Mjukuu wangu hilo lilimshangaza kuliko nguo na miwani. "Babu, sungura si mjanja? Anasoma nini tena?" Swali la haki. Sungura wetu hakwenda shule. Katika hadithi zilizokusanywa Unguja na mmisionari Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870, sungura ndiye yule aibaye asali ya Simba juu ya mti, na akinaswa huokolewa na ulimi wake. Hana mwalimu, hana kengele, hana daftari. Elimu yake ni njaa na hatari. Sungura wa Sixtus anaokoka kwa kukumbuka alichoambiwa. Wa kwetu anaokoka kwa kusema lisilotarajiwa. Hawa ni viumbe wawili, na nilipokuwa nikitafsiri niliona kila mara yule wa kwetu akichungulia dirishani mwa darasa na kuwacheka wenzake.

Lakini si kweli kwamba ngano zetu hazimjui mnyama na shule. Katika mkusanyo uleule wa Steere kuna kisa cha Mwalimu Goso. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Siku moja paa alipanda mtini kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga Goso kichwani, akafa. Wanafunzi wakamzika, kisha wakaondoka kumtafuta muuaji. Wakaanza na upepo wa kusi. Kusi akajitetea: lau ningekuwa na nguvu, ningezuiwa na kiambaza? Wakaenda kwa kiambaza. Naye akasema lau angekuwa na nguvu, panya asingemtoboa. Ndivyo walivyokwenda, kwa panya, kwa paka, kwa kamba, kwa kisu, kwa moto, kwa maji, kwa ng'ombe na kuendelea, kila mmoja akipigwa na kila mmoja akijitetea kwa kumtaja aliye na nguvu kuliko yeye. Mwisho wakamfikia paa. Paa hakujibu neno. Wakamuua.

Kisa hiki nimewafundisha watoto mara nyingi kwa ajili ya mnyororo wake, maana watoto wanapenda kitu kinachojirudia. Sikuwahi kukisikiliza vizuri hadi mwezi ule wa kutafsiri. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimalize habari ya beti, ambayo najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu. Sixtus aliandika kwa mistari miwili miwili yenye vina vya pamoja. Mshairi wa Kijerumani hahesabu silabi tu kama sisi. Hupima kwa mpigo. Silabi nzito, kisha nyepesi, nzito, kisha nyepesi, mara nne katika mstari. Mstari ukimalizia kwa nyepesi unapata silabi nane. Ukimalizia kwa nzito unapata saba. Mmeona? Nane! Kipande cha utenzi wetu. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini, nikaanza mara moja kwa utenzi: vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha bahari.

Haikufaa. Utenzi una pumzi ndefu. Umezoea kubeba vita, mauti na wasia. Ni bahari aliyoitumia Mwana Kupona wa Pate katika karne ya 19 kumwachia binti yake maneno ya mwisho. Sungura wangu akisema utenzini kwamba amesahau kupangusa pua, alionekana kama anatoa hotuba kaburini. Kosa halikuwa la utenzi, lilikuwa langu: nilitazama idadi ya mizani nikasahau mwendo. Nikahamia tathnia, mishororo miwili kwa ubeti, mizani nane kila mshororo. Hapo watoto wa sungura wakaanza kuruka.

Kikabaki kina. Kwetu silabi ya mwisho ikilingana, kina kimetimia: "shule" na "mlale" vinakubalika bila ubishi. Kwa Mjerumani kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno. Kwa sikio lake "shule" haipatani na "mlale". Inapatana na "kule" na "yule". Na kwa kuwa mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kumfuata yeye kuna maana ya kulinganisha silabi mbili, si moja. Nilifanya jaribio. Nilimsomea mjukuu beti zenye vina vya silabi moja, na beti zenye ulinganifu wa silabi mbili. Kesho yake asubuhi alizikumbuka za pili, na za kwanza alikumbuka nusu. Sidai kwamba tubadili kanuni za babu zetu. Nasema tu kwamba anayemtungia mtoto mdogo asiyejua kusoma, na ambaye daftari lake ni sikio, huenda akafaidika akijitwisha mzigo huo wa ziada.

Na hapa, naamini, ndipo ilipo sababu ya kitabu hiki kudumu. Mwanangu anasema watu wazima wa huko wanakumbuka mistari yake kwa moyo, hata wale wasiopenda tena baadhi ya mambo yaliyomo. Nathari unaweza kuikataa na ikaondoka. Ubeti uliokuingia ukiwa na miaka mitano hauombi ruhusa ya kubaki. Wazee wetu wa chuo walilijua hilo walipowaimbisha watoto masomo yao kwa sauti, na kila mshairi wa watoto analazimika kulijua kwa hofu. Ukitia neno baya katika nathari umemkosea mtoto mara moja. Ukilitia katika vina, atalibeba hadi atakapokuwa na wajukuu.

Ndipo nilipofika ukurasa ulionikwamisha. Mwalimu yule mwenye miwani ana fimbo. Na kuna mtundu mmoja darasani ambaye mwalimu anamvuta sikio. Sikio la sungura ni refu, kwa hiyo mchoraji alipata mzaha wake bila taabu. Mwaka 1924 mzazi wa Kijerumani aliuona ukurasa huo akacheka, kwa sababu hakuna aliyeifahamu shule isiyo na fimbo. Ujerumani Mashariki iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 1949, na sehemu kubwa ya Ujerumani Magharibi ilifuata katika miaka ya 1970. Leo ukurasa huo ndio unaowafanya baadhi ya wazazi wa huko wakiache kitabu kwenye rafu. Kwetu Afrika Mashariki njia zimegawanyika: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ilhali Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2002, imeviruhusu visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Nilifanya hila. Katika tathnia yangu mwalimu hakumvuta mtundu sikio. Alimgusa bega na kumnong'oneza. Vina vilikaa sawasawa. Nilimpelekea mwanangu beti zote, akanipigia usiku uleule.

"Shikamoo, Baba. Ni nzuri. Lakini mbona sikio umelifanya bega?"

"Marahaba. Mtoto anaanza shule Januari. Sitaki aogope."

Alinyamaza kidogo. "Baba, wewe ulinifundisha kwamba mfasiri si mwandishi."

Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Mimi nilishika fimbo kwa miaka mingi. Sikuwa mkali kuliko wenzangu. Nilikuwa wa kawaida, na huo ndio ushahidi wenyewe. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi nilikuwa na mwanafunzi wa kiume, mwembamba, aliyekaa dawati la nyuma. Nikimuuliza swali alisimama na kunitazama tu. Wengine walikuwa na ndimi za sungura: daftari limelowa, mbuzi amekula ukurasa, bibi ameugua. Nao mara nyingi niliwasamehe, kwa kuwa walinichekesha. Yule hakusema neno, nami nikadhani ni kiburi, nikamchapa. Nilimchapa muhula mzima. Baadaye jirani yao aliniambia kwamba mtoto yule hakuwa akisikia vizuri tangu aliposhikwa na homa kali akiwa mdogo. Alikuwa akinitazama midomo.

Sasa mnaelewa kwa nini kisa cha Goso kilinirudia. Kusi alijitetea akaachwa. Paka alijitetea akaachwa. Paa hakuwa na neno, na adhabu ikamwangukia. Ni kweli kwamba paa ndiye aliyeangusha buyu. Lakini wanafunzi wale hawakuthibitisha hilo popote. Walithibitisha tu kwamba amenyamaza. Ngano ile, iliyosimuliwa Unguja kabla ya shule ya Mjerumani na kabla ya skuli ya Mwingereza, ilikuwa imekwisha kumwona mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma, nami nilikuwa nikiisomesha kwa ajili ya mnyororo wake.

Nilirudisha sikio mahali pake. Si kwa sababu naipenda adhabu ile, bali kwa sababu kitabu kilichokatwa mahali panapouma hukinufaisha kizazi kilichotenda, si kizazi kinachosoma. Mkataji alikuwa anajificha mwenyewe. Mtoto anaweza kuuona ukurasa huo na kuuliza, mradi karibu naye pawe na mtu mzima aliye tayari kujibu.

Akauliza. Tulipofika hapo aliweka kidole juu ya sikio refu la yule mtundu.

"Babu, anaumia?"

"Anaumia."

"Wewe ulipokuwa mwalimu, ulivuta watu masikio?"

"Nilichapa kwa fimbo."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anapima kama mimi ni yule yule. Kisha akasema, "Usifanye tena," kwa sauti ile ambayo mama yake humwambia asimwage maji. Nikasema sitafanya. Akageuza ukurasa, maana alitaka kumfikia mbweha.

Jambo moja zaidi kwa haki ya mwalimu yule mwenye miwani. Somo la mbweha ni lake pia. Watoto wale wanafika nyumbani wazima kwa sababu mtu fulani aliwaonyesha adui kabla hawajakutana naye. Fimbo haikuwasaidia wasiliwe. Picha na maneno ndivyo vilivyowasaidia. Nadhani Sixtus, akiwa mwalimu, aliviweka vyote viwili darasani kwa kuwa ndivyo alivyoviona, wala hakujua kwamba msomaji wa karne iliyofuata angevitenganisha.

Januari ilipofika nilimsindikiza shuleni siku ya kwanza. Njiani aliziimba beti za mbweha kwa sauti, akiruka kwenye kila kina, na watu wa sokoni wakageuka kutazama. Beti za sikio hakuziimba. Sikumuuliza kwa nini.

Nina ombi kwenu, watunzi. Tuna sungura wa asali na mbuyu wa Goso, tuna utenzi na tathnia, tuna watoto wanaoanza shule kila Januari. Tungeni siku moja ya shule ya mnyama wa kwetu, kwa vina ambavyo mtoto atavibeba hadi uzeeni bila kuona aibu. Na mkimweka darasani paa asiyejibu, tafadhali, mpeni mwalimu wa kumsogelea na kumuuliza kwa mara ya pili.